Aliyemaliza Kifungo Aachwe Afanye Kazi

Tarehe 9 Desemba 2019, kwenye uwanja wa CCM Kirumba jijini Mwanza, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Umati ulishangilia, na ulikuwa na haki ya kushangilia, kwa maana kusamehe ni jambo la watu wanaomcha Mungu. Kinachoudhi ni yale yanayofuata shangwe zikishatulia. Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe na kufuta adhabu. Jina la mtu kwenye jalada la polisi ni habari nyingine, na jalada halina huruma.

Mchukue kijana wa Kahama au Katoro aliyefungwa miezi sita, akiwa na miaka kumi na tisa, kwa kuingia eneo la mgodi usiku kufuata mawe. Ametoka, ameoa, hajagombana hata na jirani. Mkandarasi wa mgodini anatangaza nafasi za udereva na kutaka cheti cha tabia njema. Kijana anakwenda kwa polisi, anapakwa wino mweusi, vidole vyote kumi vinabingirishwa kimoja kimoja juu ya fomu, vidole vyenye makovu ya nyundo na moko. Miaka kumi na miwili aliyotulia haina pa kuandikwa kwenye fomu ile. Kosa lake linapo.

Haki gani hiyo? Kuteleza si kuanguka, na mtoto akinyea mkono haukatwi. Mwenye duka akishalipwa deni hulikata kwenye daftari. Vipi dola iendelee kudai lililolipwa kwa kulala sakafuni na kulima shamba la gereza?

Ukanda huu wa Shinyanga na Geita unayajua makosa ya namna hii vizuri sana. Tangu John Williamson agundue almasi Mwadui mwaka 1940, wako vijana wanaonyemelea mchanga wa mgodi, na jina lao ni wabeshi. Geita wako wanaofuata magwangala, mawe taka ya mgodi wa GGM, wakayaponde na kuyaosha wapate punje ya dhahabu ya kununulia unga. Kuingia kwenye eneo la mtu bila kibali ni kuvunja sheria, na anayevunja sheria aadhibiwe. Lakini adhabu iwe na siku ya mwisho.

Wasukuma hawahitaji kufundishwa jambo hili. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walipoanza huku mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa wakali, na ukali wao mwingine ulizidi mpaka. Hata hivyo mkosaji aliyetozwa ng'ombe akalipa, alirudi kuzika na kucheza ngoma na wenzake. Aliyetengwa ni yule aliyekaidi. Watu wenye busara hiyo wanawezaje kuukubali utaratibu unaomtenga aliyetii?

Hata sheria zenyewe zimeshaanza kuliona hilo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, inapowakatalia leseni waliopatikana na hatia ya makosa ya kukosa uaminifu, inatazama miaka kumi ya nyuma tu. Afrika Kusini ilirekebisha sheria yake mwaka 2008, na aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo anaweza kuomba lifutwe baada ya miaka kumi. Uingereza ina sheria ya namna hiyo tangu 1974. Tanzania nayo itunge ya kwake: wizi mdogo, uzururaji, kuingia mgodini, ugomvi wa kilabuni, vyote vifutwe mtu akikaa miaka yake bila kosa jingine. Wabakaji hawamo. Wauaji wa vikongwe na wa watu wenye ualbino, walioitia Shinyanga na Geita aibu mbele ya dunia, hawamo kabisa.

Waajiri nao wajitazame. Jumapili wanasikiliza habari za mwana mpotevu aliyevikwa pete na kuchinjiwa ndama. Ijumaa wanakumbushwa kwamba aliyetubu kweli ni kama asiye na dhambi. Jumatatu wanaitupa barua ya kijana kapuni.

Na nani hao wenye tabia njema? Kwa miaka mingi, kabla ya Soko la Madini la Geita kufunguliwa Machi 2019, wachimbaji wadogo walilalamikia mizani ya wanunuzi wa vichochoroni. Mtu anashinda duarani, ndani ya shimo la kuchimbia, wiki nzima, anapandisha mifuko ya mawe mgongoni, anayapeleka kwenye karasha ya kusagia, anaosha, anachoma zebaki kwa pumzi yake mwenyewe, kisha gramu zake zinapungua mezani kwa mtu aliyevaa saa ya bei. Nyani haoni kundule! Mwizi wa mizani hakupakwa wino kidoleni, na leo akiomba cheti atakipata safi. Masoko yamesaidia, na wakaguzi wa vipimo wasilegeze kamba, kwa maana dhuluma ya gramu mbili kila siku ni kubwa kuliko kiroba cha magwangala.

Wabunge wa Shinyanga na Geita, waliopigiwa kura na wachimbaji hawahawa, wana wajibu wa kuipeleka hoja Dodoma na kuisimamia mpaka iwe sheria. Wakandarasi wa migodini hawana haja ya kungoja Bunge. Wanaweza kuamua leo kwamba kosa dogo lililopita miaka kumi halitamnyima mtu usaili, na wakawaagiza maofisa wao wa ajira wafanye hivyo kuanzia tangazo lijalo.