Jina la Kigoma Lina Wenyewe

Kila ifikapo Septemba, zabibu zinapoiva kusini mwa Ulaya, familia zenye mashamba na viwanda vidogo vya mvinyo hutafuta mikono ya kuzichuma. Wako vijana wanaovuka nchi kwenda kufanya kazi ya mashambani kwa malazi na chakula tu, kwa utaratibu ulioanzia Uingereza mwaka 1971 na kuenea katika nchi nyingi. Kijana huchuma tangu alfajiri, huosha mapipa, na jioni huketi meza moja na mwenye shamba, akala mkate, jibini na zeituni za pale pale. Arudipo kwao hana mshahara wa kuusimulia. Husimulia chakula, na kila anaposimulia hulitaja jina la kijiji kile.

Hatuutaji mvinyo kwa kuwapendekezea wasomaji wetu, ambao wengi wao dini yao inaukataza. Tunautaja kwa sababu wenye kuutengeneza wametutangulia katika jambo moja: wamelilinda jina la mahali. Ufaransa ilikwisha kuweka sheria juu ya jambo hilo mwaka 1935. Mvinyo wa povu uliotengenezwa nje ya Champagne hauruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo katika nchi za Umoja wa Ulaya, hata uwe mtamu namna gani.

Sasa na tutazame kwetu. Atakayefika Ujiji hana haja ya kuvuka bahari ili aione kazi ya familia. Baba hupanda mchikichi na panga kukata mikungu. Mama na watoto huchambua chikichi. Zikachemshwa katika pipa, zikapondwa, zikakamuliwa, na mafuta mekundu yakaenguliwa kwa uangalifu. Kokwa hazitupwi, kwani ndani yake mna mise, nayo ina mafuta yake. Na kama ilivyo kwa zabibu, chikichi haitaki kucheleweshwa: ikilala siku nyingi kabla ya kupikwa, mafuta huchacha. Jioni huja ugali wa muhogo, mgebuka uliopikwa kwa mawese yale yale, na sombe kando. Sisi tumeonja, na hatuoni kilichopungua katika meza hiyo ikilinganishwa na ile ya Ulaya.

(Husemwa barazani kwamba michikichi ya Malaysia ilitoka Kigoma. Maneno hayo yanapendeza lakini si kweli. Asili yake ni miche minne iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848. Kigoma ina sifa zake za haki na haihitaji za kuazima.)

Lakini mawese hayo huuzwa katika madumu yasiyo na jina, hali nchi yetu ingali ikiagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza kampeni ya kufufua zao la mchikichi, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa jukumu la kuzalisha mbegu bora za tenera ili zichukue nafasi ya dura ya zamani. Tunaisifu hatua hiyo. Hata hivyo mche bora huongeza wingi wa mafuta. Haumwambii mnunuzi wa Dar es Salaam wala wa Unguja mafuta hayo yametoka kwa nani.

Kwa dagaa jambo hili ni zito zaidi. Tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, dagaa wa Ziwa Tanganyika amepata njia ya kufika masoko ya mbali, na jina lake peke yake hupandisha bei. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, hukaushwa pwani kama Kibirizi na Katonga, na aliyeanikwa juu ya chanja hana mchanga. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, wavuvi wa huko walizuiwa kuvua ili samaki wapate kuzaana. Ni haki gani basi mtu aliyevumilia njaa ya miezi mitatu aone fungu lililotoka maji mengine likiuzwa sokoni kwa jina la ziwa lake?

Nasi wa Visiwani tusijitoe. Dagaa wetu wa baharini hukaushwa Unguja na kupelekwa hadi Kongo. Ni chakula kizuri, nacho kinastahili jina lake chenyewe. Mfanyabiashara atakayekipachika jina la Kigoma atakuwa amewaibia ndugu zetu wa Ujiji, na pia amewanyima sifa wavuvi wetu wenyewe.

Sheria ya Mali za Viwandani ya Zanzibar ya mwaka 2008 inazitambua alama za bidhaa zitokanazo na mahali maalumu. Tunawauliza wakubwa wa Bara: dagaa wa Kigoma na mawese ya Ujiji wanalindwa na nini? Tunawaomba maofisa wa biashara na wa uvuvi wa pande zote mbili za Muungano wakutane Kigoma, si Dar es Salaam, wawasikilize akina mama waanikaji na wakamuaji wa mawese. Na mkutano ukiisha, wakaribishwe chakula huko huko.