Neno linaloficha moto

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba "in-" mwanzoni mwa neno hukanusha: "visible" ni kinachoonekana, "invisible" ni kisichoonekana. Akikuta "inflammable" ubavuni mwa kopo la thina, kanuni hiyohiyo itamwambia kilichomo hakishiki moto. Kumbe kinashika, tena upesi. Anayepotoshwa hapa ni yule aliyeshika somo vizuri, na kwa sababu hiyo nasema neno hili halifai kubaki kwenye onyo lolote la hatari.

Asili yake haina hila. Kilatini kina "in-" mbili zenye sura moja: moja hukanusha, nyingine huonyesha kuingia ndani. "Inflammare" ni kutia moto, na humo limetoka pia neno la kitabibu "inflammation", yaani uvimbe wenye joto na maumivu. Wenye Kiingereza wenyewe waliiona hatari. Katika miaka ya 1920 chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto, NFPA, kilihimiza "flammable" itumike, na mwaka 1959 taasisi ya viwango ya Uingereza ikashika msimamo huohuo. Leo mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali nao hutumia "flammable". Wanaolidharau neno hilo kuwa limekatwa kichwa wanakosea, maana Kilatini kina "flammare" pia. Na hata lingekuwa la kubuni, ngozi ya mtu ina thamani kuliko usafi wa msamiati.

Hoja nzito zaidi ya wanaonipinga ni kwamba mchoro wa mwali wa moto unatosha, hata kwa asiyesoma. Mchoro ni msaada mkubwa, lakini mwali uleule ukichorwa juu ya duara humaanisha kitu kinachochochea moto wa vitu vingine, na tofauti hiyo haijulikani bila maelezo. Tena ugomvi wangu ni na Kiingereza tu: Burundi na Kongo, kwa Kifaransa, "inflammable" haina utata, kwa kuwa kisichowaka huitwa "ininflammable". Sisi tunaonunua thina, spiriti na petroli kwa Kiswahili tunabandikiwa neno ambalo hata waliolizaa wameliacha, ilhali "huwaka upesi" haihitaji kamusi. Nafasi ya maneno hayo mawili ipo hata kwenye kichupa cha dawa ya kutolea rangi ya kucha.