Mrija Hautoki kwa Sababu Gari Linaondoka

Wasee, hii story ya "daktari, toa huo mrija twende home" iishe. Abti wako ametoka Hulugho na mbavu zimevunjika, amelazwa Garissa, gari la kurudi ni kesho alfajiri. Nauli inauma, najua. Lakini mrija wa kifua unatoka eksirei ikionyesha pafu limejaa tena, chupa haitoi mapovu hata akikohoa, na damu na maji yamepungua, wengi wanasema chini ya mililita 200 kwa siku. (Kuuacha bila sababu pia kunaleta maambukizi, madaktari mnasikia?) Na ukitoka, aangaliwe tena kabla ya safari. Pafu likijikunja usiku, mtu wa Nairobi anaita boda. Abti atakuwa mchangani, zaidi ya kilomita 100 kutoka hiyo wodi, na mtandao hakuna.