Kanuni za Umemejua Zifundishwe Lorugum

Lorugum hakuna anayepasha nyumba yake moto. Jua hutufanyia kazi hiyo bila malipo, tena kupita tunavyohitaji. Anachotafuta mwenye nyumba hapa ni taa ya kumwezesha mwanawe kudurusu usiku na umeme wa kuchaji simu. Ndiyo maana fundi wa sola amekuwa mtu wa kutegemewa kutoka Lodwar hadi Kakuma. Na ndiyo maana nauliza: ni nani anayemfundisha fundi huyu kanuni za kazi yake?

Kanuni zenyewe zipo. Mwaka 2012 serikali ya Kenya ilitangaza kanuni za aina mbili kuhusu nguvu za jua. Za kwanza zilihusu kupasha maji katika majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku. Za pili, ambazo ndizo zinazotugusa zaidi sisi wa Turkana, zilihusu mitambo ya umemejua. Zilikataza mtu kufunga mtambo bila leseni, zikawapanga mafundi katika madaraja ya T1, T2 na T3, kuanzia yule wa mtambo mdogo wa nyumbani hadi yule wa mitambo mikubwa. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ikaunda mamlaka ya EPRA kuchukua nafasi ya tume iliyokuwa ikisimamia kazi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kumkamata kila asiye na leseni. Siafikiani nao. Sheria isiyofundishwa ni mtego kwa mtu mwaminifu. Wapo pia watakaosema kwamba leseni ni karatasi tu, na kwamba fundi wa jua kali amejifunza kwa mikono yake. Hao nao nawaomba watazame kwa makini kile ambacho mikono peke yake haiwezi kuona.

Chukua waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.5. Uvute mita 10 kutoka kwenye betri ya volti 12 hadi kwenye vifaa vinavyotumia ampea 5. Kwa kuwa umeme huenda na kurudi, hizo ni mita 20 za shaba. Mwanafunzi wa fizikia akipiga hesabu ataona kwamba zaidi ya volti 1 hupotea njiani, yaani karibu sehemu moja ya kumi. Akitumia waya wa milimita za mraba 4, upotevu hushuka chini ya nusu volti. Rahisi ghali, walinena wahenga: waya mwembamba humpunguzia mteja bei leo, kisha humla kila usiku.

Kadhalika kuna joto. Paneli hupimwa kiwandani katika nyuzi 25. Juani huku kwetu huweza kupita nyuzi 60, na kila nyuzi moja inayozidi huipunguzia paneli ya kawaida takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake. Basi ile iliyoandikwa wati 100 hutoa kama wati 86, hata kabla ya kuhesabu vumbi. Fundi aliyefunzwa huiinua paneli juu ya mabati ili upepo upite chini yake, na huiinamisha kidogo ili mvua ikinyesha ioshe vumbi.

Betri ya risasi na asidi nayo hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto la kudumu zinazozidi 25. Isitoshe, inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Kuiweka katika chumba cha mabati kisicho na dirisha, karibu na kitanda cha watoto, ni kuiua betri na kuihatarisha familia. Mfugaji aliyeuza mbuzi wake kununua betri hiyo hana mbuzi wengine wa kuuza ikifa kabla ya wakati wake.

Hayo ndiyo yanayofanya mafunzo yawe na thamani kuliko faini. Lakini mafunzo yako wapi? Kumtaka kijana wa Lorugum asafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Nairobi, alipe nauli, malazi na karo, ni kumwambia aendelee kubahatisha. Kakuma, Don Bosco wamefundisha ufundi kambini kwa miaka mingi, na Lodwar kuna chuo cha ufundi. Serikali ya kaunti na EPRA wangeweza kuwaleta wakufunzi na watahini huko, na kaunti ikawalipia ada wale wasio na uwezo.

Kisha kuna suala la lugha. Kanuni hizo zimeandikwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 inasema kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na huko Kakuma wako Wakongo na Warundi wanaokijua Kiswahili kuliko Kiingereza. Kijitabu cha kanuni kwa Kiswahili, pamoja na mtihani wa vitendo mbele ya mtahini, vingewafikia mafundi wengi stadi ambao Kiingereza kimewaacha nje.

Walimu wenzangu wa sayansi, tusisubiri Nairobi. Paa la shule lenye paneli ni maabara tosha. Wapeni wanafunzi kipima umeme, wapime volti kwenye betri na kwenye taa ya mwisho, kisha waeleze tofauti imetoka wapi. Na ninyi wanafunzi, fundi akija kufunga sola nyumbani, mwulizeni kwa heshima waya wake ni wa unene gani, betri itakaa wapi, na leseni yake ni ya daraja lipi. Fundi mwema hatakasirika. Asiye na jibu naye atakuwa amejua cha kwenda kujifunza, na ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba pa kujifunzia ni karibu.