Kodi Isiyohesabu Watoto

Wasomaji wetu, twaomba mtuvumilie tukiandika habari ya kodi, maana ni jambo lisilopendeza kusomwa mwisho wa mwezi. Sisi walimu wa bonde la Kilombero hatukatai kulipa. Twavuka mto kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2018, na twakumbuka sana jinsi tulivyokuwa tukingoja kivuko. Tunalokataa ni kipimo.

Tutwae walimu wawili wa Ifakara. Kila mmoja, mchango wa pensheni ukiisha kuondolewa, abaki na shilingi 800,000 za kutozwa kodi kwa mwezi. Wa kwanza hana mke wala mtoto. Wa pili amefiwa na mumewe, ana watoto wanne, na mama mzee juu yake. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2020, vikalegezwa kidogo mwaka 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi. Zinazofuata hutozwa asilimia 8, kisha 20, kisha 25, na zipitazo milioni moja asilimia 30. Fanyeni hesabu wenyewe: kila mmoja akatwa shilingi 78,000. Wa kwanza aweka akiba. Wa pili akopa mchele dukani kabla ya tarehe kumi na tano, na hapa ndipo penye mpunga! Huo waitwa usawa. Ni usawa wa kumtwika mtu mzima na mtoto mzigo mmoja wa kuni.

Zamani walijua sana kuhesabu jamaa ya mtu. Kodi ya nyumba ya Wajerumani ilianza mwaka 1898, ikawa mojawapo ya mambo yaliyowaudhi wazee wetu hata vikazuka vita vya Maji Maji mwaka 1905. Waingereza nao, kwa sheria yao ya mwaka 1922, walitoza kila kibanda, na mwenye wake wawili akalipa vibanda viwili. Baadaye ilipokuja kodi ya mapato, iliyowagusa hasa Wazungu na Wahindi wenye fedha, mwenye mke na watoto alipewa nafuu kwa ajili yao. Basi jamaa ya maskini ilihesabiwa ili aongezewe, na jamaa ya tajiri ili apunguziwe. Sheria ya mwaka 2004 haimpi mtu nafuu kwa mtoto ye yote.

Wengine hutujibu ya kwamba watu wataandikisha watoto wa uongo. Jibu hili ni dhaifu. Mfuko wa bima ya afya wamjua mwanachama, mwenzi wake, na wategemezi hata wanne, kwa vyeti. Je, daftari inayofaa kwa dawa yashindwaje kufaa kwa kodi?

Twataka nafuu ya kiasi kimoja kwa kila mtoto, isizidi watoto wanne. Nayo ipunguzwe katika kodi yenyewe, si katika mshahara unaotozwa. La sivyo mwenye mshahara mkubwa, atozwaye 30, atafaidi kuliko mwalimu wa darasa la kwanza. Na wakisema hazina itapungukiwa, watazame ngazi yao: mwenye milioni moja na nusu na mwenye milioni kumi, shilingi ya mwisho ya kila mmoja yatozwa sawasawa. Kidato kimoja chaweza kuongezwa pale juu.

Wakulima wa mpunga wana kilio chao cha ushuru wa mazao. Hicho tutakileta mwezi mwingine.