Vita ya haki za mpira inavyoiba usingizi wa mtoto

Mwanafunzi wa darasa la sita akisinzia darasani Jumatano asubuhi, mwalimu anaweza kudhani ana malaria au ametoka nyumbani bila kunywa chai. Wakati mwingine sababu ni nyepesi zaidi. Usiku wake kulikuwa na mechi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, na nyumbani hakuna aliyelala hadi kipenga cha mwisho.

Wazazi wengi huliona hilo kama suala la utundu wa mtoto. Lakini saa ya mechi kuanza, chaneli itakayoirusha na bei ya kifurushi havipangwi sebuleni. Hupangwa katika mazungumzo ya fedha kati ya wenye ligi na vituo vya televisheni vinavyoshindana kununua haki ya kurusha mpira mubashara. Mzazi akiuelewa ushindani huo, atajua lipi liko nje ya uwezo wake na lipi liko mikononi mwake.

Kwa nini mpira una bei

Tamthilia ya leo inaweza kutazamwa kesho na utamu wake ukabaki. Mpira hauko hivyo. Matokeo yakishajulikana, ni wachache watakaokaa dakika 90 kuutazama. Ndiyo maana kituo chenye haki ya kuonyesha ligi peke yake kina nguvu kubwa juu ya mtazamaji. Anayetaka kuona lazima alipie hapo.

Uingereza ndiko biashara hiyo ilikopaa. Ligi Kuu England ilipoanza mwaka 1992, BSkyB, ikishirikiana na BBC, iliishinda ITV kwa mkataba wa miaka mitano wa pauni milioni 304. Miaka iliyofuata wapinzani wapya waliingia na bei ikazidi kupanda. Katika mnada wa mwaka 2015, Sky na BT kwa pamoja ziliahidi zaidi ya pauni bilioni 5.1 kwa misimu mitatu tu.

Fedha hizo lazima zirudi, na zinarudi kupitia vifurushi vinavyolipiwa na familia.

Somo lililobaki juu ya kabati

Afrika Mashariki imeshaonja machungu ya vita hivyo. Mwaka 2007 kampuni ya GTV iliingia sokoni, ikapata sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu England na kuuza vifurushi kwa bei nafuu. Familia zikanunua visimbuzi. Januari 2009, msimu ukiwa katikati, kampuni hiyo ilifilisika na kuzima matangazo. Visimbuzi vikabaki mapambo juu ya kabati.

Nchini Kenya, SuperSport ilipoachana na ligi kuu ya nchi hiyo mwaka 2017, klabu ndizo zilizoumia kwa kukosa fedha walizozizoea. Na kabla ya fainali za Mataifa ya Afrika zilizoanza Ivory Coast Januari 2024, haki za eneo kubwa la Afrika zilikuwa mikononi mwa New World TV ya Togo. SuperSport ilitangaza kuwa haitazionyesha, kisha makubaliano yakapatikana siku chache kabla ya mechi ya kwanza.

Ushindani huu una faida zake pia. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Klabu zikapata uhakika wa fedha, na mtoto aliyeko Kigoma au Mbeya anaona Simba na Yanga zikicheza Dar es Salaam bila kusimuliwa.

Shida huja pale ligi ya nyumbani inapokuwa kwenye kisimbuzi kimoja na ya England kwenye kingine. Familia nyingi haziwezi kulipia vyote viwili. Hapo ndipo mtoto anapokwenda kibanda umiza.

Kibanda umiza si sebule

Kibanda umiza kimewapa watu wengi nafasi ya kuona mpira kwa bei ya kikombe cha chai. Kwa mtu mzima ni burudani ya kawaida. Kwa mtoto wa miaka 10 kuna mambo ya kufikiria.

La kwanza ni hewa. Chumba kidogo kilichozibwa madirisha ili picha ionekane vizuri, kikajaa watu waliobanana, ni mahali ambapo mafua, kikohozi na hata kifua kikuu husambaa kwa urahisi. Moshi wa sigara ukiongezeka, mtoto anavuta asichokiwasha. Moshi huo huchochea pumu na magonjwa ya mfumo wa hewa, na mapafu yake bado yanakua.

La pili ni kamari. Katika vibanda vingi, mazungumzo kabla ya mechi ni ya mikeka: nani kaweka timu gani na atakula kiasi gani. Sheria inamzuia aliye chini ya miaka 18 kubeti, lakini haimzuii kusikiliza na kujifunza. Mtoto anayeanza kuutazama mpira kama njia ya kupata hela ni vigumu kumrudisha kwenye raha ya kawaida ya kushangilia timu.

La tatu ni njia ya kurudi nyumbani usiku, hasa mechi za Ulaya zinapoisha.

Hesabu ya usingizi

Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa huanza saa 3 usiku kwa saa za Ulaya ya kati. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi mwishoni mwa Machi, Ulaya inaporudisha saa nyuma, muda huo kwa Afrika Mashariki ni saa 5 usiku. Ukijumlisha mapumziko na dakika za nyongeza, mechi inaisha karibu saa 7 usiku.

Mtoto anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi shule anakuwa amelala saa nne. Wataalamu wa usingizi wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Pengo hilo haliishii kwenye kupiga miayo. Usingizi mfupi hupunguza umakini, huharibu kumbukumbu ya aliyosoma na humfanya mtoto awe mwepesi wa hasira.

Hapa kuna ukweli ambao akina baba wengi hawapendi kuambiwa. Mara nyingi mtoto hakuomba kutazama mechi. Familia inaishi chumba na sebule, kitanda chake ni godoro linalotandikwa mbele ya televisheni, na baba anashangilia bao saa 6 usiku. Mtoto hana pa kwenda. Mechi hiyo imeiba usingizi wake bila yeye hata kuitazama.

Yaliyo mikononi mwa mzazi

Kupiga marufuku mpira si dawa. Katika nyumba nyingi, mechi ni moja ya nafasi chache ambazo baba na mtoto wake hukaa pamoja na kuzungumza lugha moja. Kuiondoa ni kuondoa kitu cha thamani. Kinachotakiwa ni kuchagua.

Chagua mechi za mchana na jioni. Mechi ya England ya Jumamosi inayoanza saa 6:30 mchana kwa saa za huko huonekana hapa saa 8:30 mchana au saa 9:30 alasiri, kutegemea majira. Mechi za Ligi Kuu Bara zinazochezwa saa 10 jioni pia ni nzuri kwa familia nzima.

Kwa mechi za katikati ya wiki, mtoto alale mapema. Asubuhi aambiwe matokeo, na mabao atayaona kwenye marudio jioni. Kama baba lazima atazame, na televisheni iko alikolala mtoto, ashushe sauti kabisa au yeye ndiye aende kwa jirani.

Mtoto mdogo asiende kibanda umiza peke yake. Akienda, awe na mkubwa anayemjua, mechi iwe ya mchana, na wachague banda lenye hewa na lisilo na moshi.

Kuhusu fedha, lipia mwezi kwa mwezi na uangalie ratiba kabla ya kulipa. Haki huhama, na kifurushi kilichokuwa na ligi yako msimu uliopita huenda kisiwe nayo msimu ujao. Kisimbuzi cha pili kisinunuliwe kwa hela ya ada au ya bima ya afya. Redio bado inatangaza mpira bila malipo.

Jambo la mwisho ni miguu. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha kimwili. Kutazama mpira hakuhesabiki, kuucheza kunahesabika. Mtoto aliyekimbiza mpira wa makaratasi uwanjani hadi magharibi hatahitaji kubembelezwa kulala.

Hata wakubwa wa soka wameanza kuona. Shirikisho la Soka Ulaya (UEFA) lilitangaza mwaka 2025 kuwa fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2026 mjini Budapest itaanza saa 12 jioni kwa saa za huko badala ya saa 3 usiku, na miongoni mwa sababu lilizotoa ni familia na watoto. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa 1 usiku. Lakini hiyo ni mechi moja kwa mwaka. Kwa usiku mwingine wote wa Jumanne na Jumatano, anayeshika rimoti nyumbani ndiye mwenye uamuzi.