Tusiishie kwenye bei

Ndugu mwandishi, kwenye makala yako kuhusu zabuni umeng'ang'ania bei tu. Kumpata mhandisi mshauri si sawa na kununua saruji. Anapochaguliwa kwa ubora na gharama, pendekezo la kiufundi hufunguliwa kwanza. La fedha hufunguliwa kwa waliofikisha alama ya chini inayotakiwa tu. Mwenye bei ndogo anaweza kukosa kihalali kabisa.

Mimi nauliza hivi: wale wataalamu ambao wasifu wao uliipa kampuni alama, ndio wanaofika saiti? Mtaani kwetu alikuja kijana wa mafunzo kwa vitendo, peke yake, akapima mtaro kwa hatua za miguu. Masika maji yakaingia sebuleni.

Tangu 2023 zabuni za umma zinapita NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma Tanzania, sawa. Lakini hilo halitoshi: madiwani nao waombe orodha ya mahudhurio ya saiti kabla mshauri hajalipwa.